Mkono wa Kushoto wa Steinunn

Alijua kwamba ameenda kombo pale tu mwili ulipokataa kusonga mbele. Mkono wa kushoto ulikuwa umenasa kwenye kamba ya maboya, na yeye hakuhisi kamba wala maboya. Steinunn akasimama ndani ya maji, akautazama mkono huo kama mtu anavyotazama mzigo wa jirani ulioachwa mlangoni kwake, kisha akaushika kwa mkono wa kulia, akaunasua, akaanza tena.

Sauti ya Ketill ikapenya mvuke kutoka kwenye chungu. "Steinunn! Reykjavík haiko upande huo!"

"Na mimi siendi Reykjavík," akajibu huku akitema maji.

Wale wa kwenye chungu wakacheka. Chungu ni birika la duara la maji moto lililo kando ya bwawa, na nusu ya mji mdogo wa Kaldavík hukaa humo kila asubuhi, maji yakiwafika shingoni, wakiongea habari za watu waliochelewa kufika. Bwawa lenyewe liko wazi chini ya anga. Maji yake hutoka ardhini yakiwa moto, na wakati wa baridi theluji huwaangukia watu vichwani huku miguu yao ikiwa vuguvugu.

Steinunn ameogelea humo tangu utotoni, maana nchini mwake mtoto hamalizi shule bila kujua kuogelea. Lakini zamani aliogelea kama mtu anavyopiga mswaki, bila kuwaza. Sasa kila safari, kwenda na kurudi, ilikuwa kazi ya kufikiriwa kuanzia bega hadi unyayo.

Kiharusi kilimpata kiwandani, siku chache baada ya kondoo kushushwa kutoka milimani kukwepa baridi. Alikuwa amesimama mezani pake akitoa miiba kwenye minofu ya samaki, kazi aliyoifanya tangu ujana wake, na mnofu ukamteleza kutoka mkono wa kushoto. Akauokota. Ukateleza tena. Mwenzake wa meza ya pili akacheka, kisha akaacha kucheka. Zaidi ya hapo Steinunn hakumbuki, ila taa za dari zikipita juu yake moja moja.

Maneno yalirudi. Mguu ulirudi, ingawa ulipenda kuburuta kidogo akichoka. Mkono wa kushoto nao ulirudi, lakini ulirudi mtupu. Akiuambia inuka, unainuka. Akiuambia shika, unashika. Ila kutoka begani hadi kwenye kucha haukumletea habari yoyote: si baridi, si joto, si sufu ya fulana wala ncha ya sindano ya daktari.

Na si mkono peke yake. Kuna kitu kingine ndani yake kilichokufa ganzi siku ile, na hicho daktari hakukichoma sindano. Jirani alipokuja kumwonyesha kitoto chake kichanga, Steinunn alikitazama akasema kina masikio. Alipoambiwa paka wake amekutwa barabarani amegongwa, alisema asante.

Alikuwa mjane na aliishi peke yake katika nyumba ya bati jekundu, ya mwisho kabla ya gati. Binti yake Álfrún alikuwa Reykjavík, akiwahudumia wazee katika nyumba ya kulelea, na jambo hilo halikumsaidia Steinunn hata kidogo, kwa sababu Álfrún aliijua kazi yake.

"Pasaka nakuja," Álfrún alimwambia kwenye simu. "Nikikuta unajiweza, mama, sisemi neno. Nikikuta hujiwezi, nyumba tunauza na wewe unakuja kwetu. Chumba kiko tayari. Tumetoa baiskeli za watoto, tumepaka na rangi."

"Rangi gani?"

"Nyeupe."

"Haya."

"Mama, umenisikia lakini?"

"Nimesikia. Nyeupe."

Alipokata simu alikaa jikoni akijitafuta ndani, kama kuna hofu au hasira. Hakukuta kitu. Lakini lipo jambo moja alilolijua, kwa namna mtu anavyojua birika lake la kahawa linakaa rafu gani hata taa zikizimika: alitaka kubaki katika nyumba ile. Hakuwa na uchungu nalo, wala hamu. Alilijua tu. Na kwa kuwa lilikuwa jambo pekee lililobaki limesimama ndani yake, alilishika.

Daktari alikuwa amemwambia aogelee. "Maji yatakubeba," alisema, "na mwili utakumbuka." Basi Steinunn akaogelea kila asubuhi, kabla ya kupambazuka, kama mtu aendaye kazini.

Mwanzoni mwili haukukumbuka chochote. Mkono wa kulia ulivuta kwa nguvu, wa kushoto ukapapasa, na yeye akaishia kwenye kamba. Alikunywa maji. Pumzi ilimkatika katikati ya bwawa, moyo ukamgonga masikioni, ikabidi ajigeuze chali na kulala juu ya maji akitazama giza hadi moyo utulie. Theluji ilimwangukia usoni. Upande wa kulia wa uso ulichomwa na kila chembe. Upande wa kushoto ulihisi kwa mbali, kama mvua inayonyesha juu ya paa la nyumba nyingine.

Kisha, polepole, bila kumwomba ruhusa, mwili ukaanza kufanya mambo yake. Kwanza ilikuja njaa. Alikuwa amezoea kula kwa sababu saa imefika. Sasa alitoka majini tumbo likimnguruma, akala mkate wa shayiri na samaki mkavu aliyepakwa siagi, akiwa amesimama pale pale kwenye ukumbi wa kuingilia, nywele zikimchuruzika. Baada ya njaa ukaja usingizi, mzito, usio na ndoto. Misuli ya mgongo ikajikaza. Pumzi ikawa ndefu, akawa anaweza kuitoa taratibu chini ya maji, mapovu yakimpita masikioni kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Moyo nao ukajifunza kwenda mbio na kurudi mahali pake bila fujo.

Kunyooka ndiko kulikochelewa. Chini ya bwawa upo mstari mweusi wa vigae, na Steinunn aliutumia huo. Hakuweza kuuhisi mkono, lakini aliweza kuuona. Akiupitisha mbele ya miwani ya kuogelea, aliutazama ukiingia majini, akauambia vuta, akautazama ukivuta. Akiona mstari unakimbilia kulia, alijua ameanza kwenda kombo, naye akaupunguzia mkono wa kulia haraka yake. Alikuwa kama mtu anayetembea na mtoto mdogo: yule mkubwa ndiye anayepaswa kufupisha hatua.

"Leo umegonga kamba mara ngapi?" Ketill alimuuliza asubuhi moja. Alikuwa fundi bomba mstaafu, mnene, mwenye nyusi zilizoganda barafu.

"Iulize kamba."

"Kamba imelalamika kwangu. Inasema ilikuwa imeshazoea kukumbatiwa."

"Iambie itafute mwingine. Wewe una nafasi."

Kicheko kikapanda na mvuke. Steinunn hakucheka, lakini alisikia kwamba jibu lilikuwa zuri, akaona si haba.

Hakukaa kwenye chungu siku hizo. Daktari alikuwa amesema maji ya moto sana hayamfai kwa sasa, kwa hiyo akimaliza safari zake alikwenda kukaa kwenye birika la vuguvugu pamoja na kina mama wenye watoto wachanga. Watoto walimtazama, yeye akawatazama. Nafasi yake ya kwenye chungu ilikaa wazi. Ilikuwa pembeni pa mdomo wa bomba, mahali maji yanapoingilia yakiwa bado na ukali wa ardhini, na kwa miaka mingi hakuna mwingine aliyeweza kupavumilia. Watu walimheshimu kwa hilo. Hakuna aliyemwambia kwamba nafasi inamngoja, na hakuna aliyeikalia. Kaldavík watu hawaulizani habari za moyoni, wala hawamletei mtu msaada asioutaka. Wanauacha mahali anapoweza kuuona, wanageuka upande mwingine.

Katikati ya baridi jua halifiki Kaldavík. Linazunguka nyuma ya milima wiki nyingi, na mji unaishi kwa mwanga wa kuazima. Siku linaporudi na kuugusa mji kwa dakika chache, watu hunywa kahawa na kula chapati za maji zilizokunjwa na sukari, kazini, shuleni, popote walipo. Mwaka ule siku hiyo ilikuwa angavu, bila hata wingu. Hallbera, msimamizi wa bafu la wanawake, alikuja bwawani na sinia la chapati, na wote wakajaa kwenye chungu nyuso zikielekea mlimani.

Steinunn alikuwa ametoka kumaliza safari zake. Alikuwa ameogelea kutoka ukuta hadi ukuta bila kuigusa kamba hata mara moja, kwa mara ya kwanza. Akasimama ukingoni, mvuke ukimfuka mabegani, akangoja kufurahi. Furaha haikuja. Badala yake likaja wazo dogo, kavu: basi ninaweza kukaa mahali pangu.

Akaingia kwenye chungu. Watu wakasogea, kana kwamba alikuwa ametoka jana tu.

"Eh, mwenye bomba lake karudi," Ketill akasema. "Tulikuwa tunaogopa tutalirithi."

"Wewe ungeiva kama kiazi."

"Ningekuwa kiazi mtamu lakini."

Jua likachomoza kwenye ufa kati ya vilele viwili. Lilikuwa jembamba na halikuwa na joto, lakini kila mtu akafumba macho na kuinua uso, na chungu kizima kikanyamaza. Steinunn naye akafumba macho. Mwili wake ulikaa kama ulivyozoea kukaa miaka yote: mgongo ukutani, mguu mmoja umenyooshwa, mkono wa kushoto umelazwa nyuma, juu ya mdomo wa bomba.

"Steinunn!"

Alikuwa Hallbera, amesimama juu yao na sinia. "Steinunn, mkono! Utoe mkono!"

Hakuelewa. Alifikiri anapewa chapati, akanyoosha mkono wa kulia. Ketill ndiye aliyemwahi, akamshika kiwiko cha kushoto na kukivuta juu. Mkono ukatoka majini, na watu wote wakauona. Ngozi ya kiganja ilikuwa nyekundu kama nyama, na juu yake malengelenge yalikuwa yameanza kuvimba.

Steinunn akautazama. "Ni wangu huo?" akauliza.

Hakuna aliyecheka.

Muuguzi wa zahanati aliufunga bendeji na kumkataza maji hadi ngozi irudi. Hallbera alikaa naye kwenye benchi nje, wakingoja kipimo cha presha.

"Hujahisi kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kidogo, kipenzi?"

"Hallbera, ningehisi ningetoa mkono. Mimi si mjinga, ni mgonjwa."

Hallbera akatazama viatu vyake. Siku zote za kazi yake yeye ndiye anayewarudisha watu bafuni wakajisugue vizuri, wakubwa kwa wadogo. Akainama, akafunga kamba za viatu upya.

"Álfrún asijue," Steinunn akasema.

"Siri, Kaldavík hii?"

"Yeye hayuko Kaldavík. Waambie wa kwenye chungu wanyamaze."

"Ketill hajawahi kutunza siri tangu azaliwe. Mama yake mwenyewe alisema."

"Ataanza na hii."

Wiki zile za kukaa mbali na maji mwili ulianza kujifunga tena kama mlango wa kibanda cha boti uliokaa bila kutumiwa. Usingizi ulikatika vipande vipande. Mguu ukaburuta hata asubuhi. Mabega yakapanda karibu na masikio. Bila njaa ya bwawa, samaki alikuwa samaki tu. Hapo ndipo alipofahamu kwamba kile kilichombeba hadi wakati ule kilikuwa maji, na kwamba ndani yake bado hakukuwa na kitu kingine cha kumbeba.

Siku moja alisimama jikoni kwake, akafungua bomba la maji ya moto kwa mkono wa kulia, akayatazama yakitoka na mvuke. Maji ya nyumba zote za pale hutoka ardhini, na hufika bombani yakiwa karibu na kuchemka. Aliosha vyombo hapo maisha yake yote. Akautazama mkono uliofungwa bendeji, akayatazama maji. Kisha akavaa koti, akaenda kwa Ketill.

Ketill alifungua mlango akiwa na soksi tu miguuni. Jambo la Steinunn kuja kuomba kitu lilikuwa geni kiasi kwamba hakukumbuka kumkaribisha ndani.

"Maji yangu," Steinunn akasema. "Nataka yasiwe na uwezo wa kuchoma. Jikoni na bafuni. Unaweza?"

"Kuna koki ya kuchanganya maji ya moto na baridi. Naifunga kwenye bomba kuu, yanatoka vuguvugu, basi."

"Hata nikisahau?"

"Hata ukisahau. Hata ukiwa umelala." Alijikuna nyusi. "Steinunn, lile bomba la kwenye chungu nililifunga mimi mwenyewe. Miaka ile. Nilisema mdomo ubaki wazi, watu wana macho na mikono."

"Wana."

"Ningeliwekea wavu."

"Ungeweka, mimi ningekosa mahali pa kujidai," akasema Steinunn. "Njoo kesho. Kahawa ipo."

Akaja, akaifunga, akanywa kahawa, akaenda. Hawakuongea tena juu ya hilo.

Muuguzi alipomruhusu, Steinunn alirudi bwawani. Kamba ilimpokea tena, siku ya kwanza na ya pili. Lakini safari hii mwili haukuanza mwanzo. Ulikuwa na kumbukumbu ya kuanzia. Kabla ya Pasaka mstari mweusi ulikuwa umetulia chini yake. Mkono ulikuwa na kovu la waridi, linalong'aa, lililokunja ngozi ya kiganja kama karatasi iliyolowa ikakauka.

Álfrún alifika kwa ndege ndogo, na upepo ulikuwa mkali. Alimkumbatia mama yake uwanjani kwa nguvu na kwa muda mrefu. Steinunn alikuwa amevaa glavu za sufu, kama kila mtu.

"Umenenepa," Álfrún akasema.

"Nakula."

"Mabega yako! Mama, una mabega ya mpiga makasia."

"Naogelea."

Nyumbani Álfrún alizunguka bila kujifanya hazunguki. Alifungua friji. Alitazama zulia kama linateleza. Steinunn aliwasha kahawa kwa mkono wa kulia, glavu ya kushoto ikiwa bado mkononi, akasema baridi imemwingia. Álfrún hakuuliza. Alikuwa amechoka na safari, na alikuwa na furaha ya kumkuta mama yake amesimama.

"Twende tukaogelee?" akasema. Ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Kaldavík hufanya akirudi. "Nataka nikuone. Hallbera aliniambia kwenye simu unakwenda kama rula."

"Alisema hivyo?"

"Hivyo tu. Alikuwa na haraka sana, akakata."

Steinunn akaivuta glavu ya kushoto hadi kwenye kifundo cha mkono. Hilo ndilo alilolitaka tangu msimu wa kondoo: binti yake asimame mwisho wa bwawa amwone akija moja kwa moja. Lakini hakuna njia ya kufika bwawani isipokuwa kupitia bafuni. Na bafuni mtu huvua kila kitu na kujisugua mwili mzima kwa sabuni kabla ya kuvaa vazi la kuogelea, wote pamoja, mama na binti, mke wa mchungaji na muuza duka. Hallbera hakuwahi kumruhusu mtu apite na soksi, sembuse glavu.

"Au tuache?" Álfrún akasema. Alikuwa akimtazama. "Unaonekana umechoka. Kama hujisikii, basi. Nakuamini, mama. Tukae hapa tunywe kahawa, nikuone tu."

Njia ya kukwepa ilikuwa wazi namna hiyo. Steinunn angeweza kusema ndiyo, nimechoka. Angevaa glavu siku tatu na kusingizia baridi, na Álfrún angepanda ndege akiwa ameamini. Aliliangalia jambo hilo kwa utulivu kutoka pande zote, kama alivyokuwa akiangalia mnofu kwenye mwanga wa meza, kama una miiba.

"Chukua taulo," akasema. "Zile za bluu, kabati la juu."

Bafuni mvuke ulikuwa mzito. Hallbera alikuwa mlangoni pake; alipowaona akaanza kukunja taulo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Steinunn akavua koti, akavua fulana. Mwisho akavua glavu. Akasimama chini ya manyunyu, akaanza na mkono wa kulia kuyajaribu maji, kisha akaingia mzima. Kiganja cha kushoto kilining'inia kikiwa wazi.

Álfrún alikiona. Alikuwa na sabuni mkononi, nayo ikasimama. Kazini kwake alikuwa ameona majeraha ya moto ya namna ile, alijua yanatokana na nini, na alijua kwamba mtu anayehisi haungui hivyo. Baada ya muda akamgeuza mama yake taratibu, akaanza kumsugua mgongo.

"Lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Siku ya jua. Kwenye chungu. Bomba."

"Ulihisi?"

"Hapana."

Álfrún akaendelea kusugua. Alipita mabegani, akashuka penye misuli mipya pande mbili za uti wa mgongo, akarudi juu.

"Ungeniambia."

"Nimekuambia."

"Sasa hivi!"

"Ndiyo. Sasa hivi." Steinunn akageuka. Maji yalimtiririka usoni, macho yake yalikuwa makavu. "Ketill amefunga koki nyumbani. Maji hayachomi tena. Nilikwenda kumwomba."

"Wewe? Ulikwenda kumwomba mtu?"

"Kwa miguu yangu."

Álfrún akairudisha sabuni mahali pake. Hallbera kule mlangoni akadondosha taulo zote.

Nje upepo ulikuwa umetulia kidogo. Steinunn akavaa miwani, akashuka ngazi, akasukuma ukuta kwa miguu yote miwili. Álfrún alitembea ukingoni hadi mwisho wa pili, akasimama pale na taulo begani, mikono ameifumbata.

Majini hakukuwa na binti wala nyumba. Kulikuwa na mstari. Mkono wa kulia ukaingia, ukavuta, ukangoja. Mkono wa kushoto ukapita mbele ya macho, na kovu lake la waridi, akautazama ukiingia, akauambia vuta. Pumzi ikatoka. Moyo ukapanda, ukashika mwendo wake, ukakaa hapo. Kamba ilikuwa mbali, upande wa kushoto, ikitikisika yenyewe kwa upepo. Alifika, akagusa ukuta kwa mkono wa kulia, akageuka bila kuinua uso, akaenda, akarudi. Aliposimama, miguu ya Álfrún ilikuwa mbele yake, imebadilika rangi kwa baridi.

"Umenyooka," Álfrún akasema.

"Ndiyo."

"Sikudhani."

"Hata mimi." Akavua miwani. "Twende kwenye maji ya moto, utaugua."

Kwenye chungu Ketill na wenzake walikuwa kimya kuliko kanisani. Álfrún akaingia, akakaa, akawatazama mmoja mmoja.

"Wote mlijua."

"Kujua nini?" Ketill akasema. "Sisi tulikuwa tunazungumzia hali ya barabara."

"Ketill."

"Barabara ni mbaya sana mwaka huu. Haipitiki."

"Hujawahi kutunza siri maishani mwako."

"Ndiyo maana nimechoka hivi," akasema Ketill, na mmoja akaguna, na chungu kikapumua.

Steinunn alikuwa bado nje, amesimama ukingoni. Álfrún akageuka kumtazama. Mama yake akauinua mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, akauweka kifuani kama mtu anavyopakata kitu kisichoweza kujitunza. Kisha akainama, akatumbukiza mkono wa kulia peke yake, akangoja, akauzungusha. Aliporidhika akashuka. Hakwenda penye bomba. Alikaa upande wa pili, katikati ya watu, mahali ambapo mtu yeyote hukaa, mkono umelala mapajani pake anapouona. Alifanya hayo yote bila kumtazama yeyote, wala kuharakisha. Ilionekana amekuwa akifanya hivyo siku nyingi.

Álfrún akasogeza mguu wake hadi kwenye mdomo wa bomba, akauondoa haraka.

"Utanipigia kila asubuhi," akasema hatimaye. "Ukitoka majini. Usiponipigia, nampigia Hallbera."

"Haya."

"Na wewe Ketill uweke wavu hapa, kabla sijaondoka."

"Nimeshaununua," Ketill akasema. "Ulikuwa siri."

Álfrún akapangusa uso kwa viganja vyote viwili, na haikujulikana kama ni maji ya chungu. "Nitawaambia watoto warudishe baiskeli zao kwenye kile chumba," akasema.

Steinunn alisikia. Alielewa kwamba atabaki. Akafumba macho akangoja kitu kimjie, kama siku ile ya jua, na kama siku ile hakikuja. Upande wa kulia ulikuwa na joto, wa kushoto haukuwa na kitu. Bega la binti yake lilikuwa limemgusa upande gani, hakujua mpaka alipofumbua macho na kuona: ni wa kushoto. Akaliacha pale.

Kisha kutoka chini kabisa, mahali pasipomwomba ruhusa, tumbo lake likanguruma, likasikika kwenye chungu kizima.

"Nina njaa," akasema.